Hatua Tatu za Jerida

Baba alikuwa na mkebe wa kipande.
Aliuvaa shingoni ujanani kama ng'ombe avaavyo njuga,
kule mashamba ya Trans Nzoia, ambako mzungu
alimwita boi hata mvi zilipomtoka.
Usiku ule wa Desemba, bendera moja ikishuka
na nyingine ikipanda,
aliikata kamba kwa kisu cha ndizi,
akatia mkebeni mbegu za mrenda.
"Sasa," akasema, "huu utalisha watu."

Siubezi uhuru ule.
Asiyewahi kuvaa kamba asinifundishe uzito wa kamba.
Nilikuwa na miaka sita, juu ya mabega yake,
tukipita Chavakali gizani kuelekea Mbale,
naye alikuwa analia na kucheka kwa pumzi moja.

Nilirithi ekari moja unusu, na mkebe.
Na mwaka aliokufa jirani yetu Amugune,
hata matanga hayajaondolewa,
nilitoka usiku na jembe na kurunzi,
nikaing'oa mikonge saba ya mpaka
nikaipanda hatua tatu ndani ya shamba la mjane wake.
Hatua tatu! Kwetu Maragoli, ambako hata jiwe lina mwenyewe.
Mvua ikanyesha alfajiri, ikauficha udongo mbichi,
nami nikasema: Bwana amebariki.

Miaka kumi na tisa.
Nikawa mweka hazina wa kanisa, sarafu haikupotea.
Kila Jamhuri nilikuwa wa kwanza uwanjani, kofia mkononi,
na hotuba ikilitaja neno haki
nilikohoa.
Mbwa wa Jerida alinijua. Hakunibwekea,
alinitazama tu.

Ndipo nikafahamu: mkoloni hakuondoka wote.
Mmoja alibaki.
Alikula ugali wangu, alivaa viatu vyangu,
alipima ardhi ya watu kwa miguu yangu,
na bendera niliyoipigia saluti ilimpepea yeye.

Jioni moja mjukuu wangu Kadenyi
alikuwa akikariri fungu la Jumapili,
pale watu wanapomjibu Yesu, vifua mbele,
kwamba wao hawajawa watumwa wa mtu kamwe.
Akainua macho. "Guga, kwani walisahau Misri?"
Chai ikanikwama kooni.
Mkebe ulikuwa palepale dirishani, kutu imeula pembeni.

Sikungoja usiku. Usiku ulikwisha kunitumikia.
Asubuhi ya Jamhuri, ngoma za skauti zikisikika bondeni,
niliing'oa mikonge, ambayo sasa ilikuwa na wana na wajukuu,
miiba ikanichoma mpaka viwiko,
nikairudisha mahali pa Amugune.
Jerida akatoka na fimbo yake. Akatazama.
Hakupiga vigelegele. Hakunishika mkono.
Nikasema yote, nikasema na kurunzi.
Nilimwomba Mungu anipe machozi, hayakuja.

Akanyamaza muda wa kupura debe zima.
Kisha: "Na mahindi?"
"Mahindi yapi, mama?"
"Ya misimu thelathini na minane."

Nilikuwa nimehubiri habari za Zakayo mara nne,
na mara zote nne niliishia pale aliposhuka mtini.

Nikarudi nyumbani, nikamwaga mbegu za mrenda,
nikatia mkebeni punje za mahindi,
punje moja kwa kila debe ninalodaiwa.
Mkebe ukajaa, kifuniko kikakataa kufunga.
Nikatoa punje moja, nikaitupia kuku.
Nikajitwika debe la kwanza.

Njiani watu walikuwa wakirudi kutoka uwanjani,
watoto na vibendera vya karatasi, soda mikononi.
Kisia fundi cherehani akanisimamisha akicheka:
"Mzee Inyangala! Siku ya uhuru, nawe unabeba mzigo?"

"Nipishe," nikamwambia,
"nimechelewa."